Neno la Mama Katongo

"Baba Zakari, na weye utazala mwezi gani?"

Ndivyo alivyouliza Mama Delphine, jirani wa lupango ya pili, ukuta kwa ukuta, siku moja asubuhi, akiwa amesimama mbele ya nyumba yake na ufagio mu mukono. Alikuwa amemuona Zakari anapita nyuma ya muke wake Victorine, amevaa shati ya pasi, amekumbatia mto. Mto wa kitanda, mu barabara ya mutaa wa Kenya, jua likiwaka, mbele ya macho ya wote!

"Minauliza tu," Delphine akaendelea. "Sababu kwetu niko na ndugu saba banaume, bote bako na batoto, na hakuna mwenye alikwendaka kujifunza kuzala."

Victorine alicheka mpaka akashika kiuno. Zakari akajibu bila kusimama: "Mama, tutazala pamoja na yeye, mwezi wa kenda. Utatuletea uji, shiye wawili."

Delphine alipiga makofi kwa kicheko. Kisha akaacha kucheka, akaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiliwa. Alikuwa amekumbuka. Yeye ndiye aliyemuosha mutoto wao wa kwanza na kumufunika, miaka miwili iliyopita, na mutoto yule hakulia hata mara moja.

Zakari alikuwa fundi wa kushona. Babu yake alitoka Maniema, watu wa musikiti, na mu nyumba yao walisema Kiswahili tu. Victorine alikuwa mukatoliki, mujukuu wa mufanyakazi wa reli, kwao Kabalo, na bibi yake alimulea mu Kiluba. Walipooana, jamaa zote mbili zilinuna, kisha zikazoea. Mume Ijumaa anakwenda ku musikiti, muke siku ya yenga anakwenda ku misa, na mu nyumba kulikuwa amani. Jambo moja tu lilikuwa katikati yao kama jiwe chini ya mukeka, na Victorine hakujua kwamba liko.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, mwezi wa kwanza, wakati wa mvua kubwa. Siku mbili mvua ilikuwa haijasimama, na barabara ilikuwa imegeuka muto. Gari haipiti, pikipiki haipiti. Uchungu ulimushika Victorine asubuhi, majuma mawili kabla ya siku waliyoambiwa. Zakari alikimbia kwa miguu, maji ku magoti, kumuita Mama Katongo.

Mama Katongo alikuwa muzee, mjane wa mutu wa Kabalo, na kazi ya kuzalisha alifundishwa na mama wa bwana wake. Nusu ya watoto wa upande ule walipita mu mikono yake. Alikuja na vitambaa na mafuta yake mu beseni juu ya kichwa, akaingia, akaanza kuamuru. Hakuwa mutu wa kubembeleza.

"Maji haya ni ya kunawa ao ya kulaza samaki? Chemsha tena! Weye fundi, unatetemeka sasa, siku ya kumupa mimba haukutetemeka. Toka mu chumba, kaa pale, nitakuita."

Zakari alikaa mu sebule, karibu na mashini yake ya kushona. Alisikia muke wake anaugua. Alisikia mvua juu ya mabati. Halafu pazia likafunguka, na kichwa cha Mama Katongo kikatokea, jasho linamutoka, na alisema kwa sauti kubwa ili ashinde mvua:

"Baba mujinga leta wembe na uzi!"

Ndivyo Zakari alivyosikia. Baba mujinga.

Kuna maneno ambayo mutu mwingine angeyapokea na kuyasahau siku ileile. Lakini Zakari aliacha masomo mwaka wa ine. Mwalimu wake alikuwa akimusimamisha mbele ya darasa na kibao kidogo mu shingo, kimefungwa kwa kamba, na juu ya kibao lile neno limeandikwa kwa chaki. Alisimama hivyo siku nyingi, wadogo zake wakimuona kupitia dirisha. Alipojifunza kushona na kupata wateja, aliapa kwamba neno lile halitaingia mu nyumba yake.

Wembe ulikuwa juu ya mashini. Uzi ulikuwa juu ya mashini. Alikuwa na haja ya kunyoosha mukono tu.

"Unaita nani mujinga?" akasema. "Mu nyumba yangu?"

"Leta! Mujinga, mara mbili! Leta, baba!"

Mara mbili. Macho ya Zakari yakaona giza. Alimushika mama muzee mukono, akamuvuta mpaka inje, akafunga mulango, akaweka kitasa. Mama Katongo alipiga mulango kwa ngumi zote mbili na kupiga kelele, lakini mvua ilikula maneno yake. Zakari alisimama pale mu sebule akipumua kama mutu aliyekimbia. Alisimama muda gani, hajui. Aliposikia kilio cha muke wake kimebadilika, aliingia mu chumba, na mutoto alikuwa amekwisha kutoka. Mwanaume. Kamba ya kitovu ilikuwa imemuzunguka shingo mara mbili, imekaza, na uso wake ulikuwa mweusi wa bluu.

Victorine alikuwa amezimia. Hakujua nani ameingia, nani ametoka.

Delphine alipofika mbio kwa kusikia kilio cha Zakari, alimupita Mama Katongo amesimama ku barabara mu mvua, beseni ikibaki ndani ya nyumba. Akauliza kumetokea nini. Zakari akafungua mulango, akajibu:

"Alitukana, akaenda."

Maneno mawili. La kwanza aliliamini kwa moyo wake wote. La pili alijua si kweli, lakini lilimutoka mu kinywa pamoja na la kwanza, na lilipokwisha kutoka hakulirudisha. Delphine akauliza: "Alitukana nini?" Naye akasema: "Hayo si maneno ya kurudilia mu masikio ya muke wangu." Watu wakamusifu. Wakasema, fundi ni mutu wa heshima.

Alitukana, akaenda. Maneno yale yalitembea barabara nzima kabla maji ya mvua hayajakauka. Siku ya tatu ya kilio, Mama Katongo alikuja na unga wake mu kitambaa, kama desturi, na alianza kusema: "Banangu, miye nilimuambia baba..." Hakumaliza. Victorine, ambaye tangu siku ile hakuwa amenyanyuka ku mukeka, alinyanyuka, akamukaribia, akamutemea mate ku uso. Mama muzee alijipangusa kwa ncha ya kikwembe chake, akaweka unga chini, akarudi kwake. Tangu pale hakuna mutu aliyemuita tena. Mwisho wa mwaka alihamia Kasungami, ku mwisho wa muji, kulima mahindi.

Basi sasa Victorine alikuwa na mimba ya miezi saba, na Zakari alikuwa amesema: mara hii sitabaki mu sebule. Aliposikia kwamba sage-femme Bénie, muzalishaji wa maternité ndogo iliyo nyuma ya kanisa, anafundisha wamama pamoja na wababa kila siku ya posho, ndiyo Jumamosi, alikuwa wa kwanza kuandikisha jina. Hakuogopa kuchekwa. Aliogopa kitu kingine.

Mu chumba cha masomo walikuwa bibi sita na mabwana wao. Wamama walikaa juu ya mikeka, wababa nyuma yao, kila mumoja ameshikilia muke wake mabega. Bénie alikuwa mwanamuke mufupi, sauti yake ya nguvu, na hakumuachilia mutu.

"Pumua, baba! Pumua na yeye. Weye Guelord, unakaza tumbo juu ya nini? Mu tumbo yako hamuna kitu, ni bukari tu ulikula!"

Guelord alikuwa manseba, wale wa kupakia watu ku pikipiki, na mudomo wake haukujua kufungwa. "Sage-femme, mimba ya bukari nayo ni mimba," akajibu. "Iko na miaka kumi sasa, haitake kutoka." Wote wakacheka, muke wake akimupiga kiwiko mu mbavu.

Zakari hakusema mengi. Lakini alishika kila kitu: namna ya kumusugua muke mugongo, namna ya kuhesabu uchungu kwa saa, wakati gani mutu aache kungoja na aende. Nyumbani, akiwa ku mashini, alirudilia masomo polepole kama mutoto wa shule, na Victorine alimutazama kutoka ku jiko, na uso wake, ambao ulikuwa umefungwa miaka miwili, ulianza kufunguka.

Siku ya posho ya tatu, Bénie alileta mutoto wa kitambaa, amejazwa pamba, na kamba ndefu ya kusuka imetoka ku kitovu chake. Akaishika kamba ile, akaizungusha mu shingo ya mutoto mara moja, mara mbili.

"Huyu munamuona? Anakuja na kamba mu shingo. Batoto bengi banazaliwa hivi na bako bazima. Ikiwa imelegea, tunaipitisha juu ya kichwa, basi, mutoto analia. Ikiwa imekaza, tunafunga, tunakata mbio, mbele ya mabega kutoka. Leo shiye tuko na mikasi na vifungo. Bamama ba zamani balikuwa banaomba wembe na uzi. Kazi ni ile ile moja."

Kisha akauliza: "Na mutoto kama huyu, mu Kiluba banamuita nani?"

"Mujinga!" wakasema wamama wawili watatu, pamoja, na Victorine kati yao.

"Voilà. Kujinga ni kuzungusha. Mujinga ni mwenye alizungushiwa kamba."

Guelord akafungua kinywa. "Aii! Bibi yangu, mama ya baba, ni Mujinga! Na miye siku zote nafikiri balimuita vile sababu hakusoma!"

Chumba chote kilicheka. Victorine alicheka mpaka machozi, akamugeukia Zakari: "Hata mama mudogo yangu wa Kabalo ni Mujinga. Haukujua?" Zakari alijua. Alimujua mama yule, alikuwa amekula kwake. Jina alilijua kama watu wanavyojua Chanda ni jina, Katongo ni jina, na hawaulize limetoka wapi.

Mikono yake ilikuwa juu ya mabega ya muke wake. Aliiona mikono ile, vidole vyenye alama za sindano, na hakuisikia kama ni yake. Baba. Mujinga. Mara mbili. Leta wembe na uzi.

"Umepata baridi?" Victorine akauliza. "Mikono yako inakuwa kama barafu."

"Hapana," akasema. "Ni kitu kidogo."

Juma lile Zakari aliharibu kazi tatu. Alishona mukono wa kushoto mahali pa kuume. Alikata kikwembe cha muteja katikati ya maua. Kila alipovuta uzi ku mashini, aliuangalia, akauacha. Siku ya ine alikaa mbele ya muke wake, sahani ya bukari na majani ya sombe katikati yao, akasema: "Victorine." Akajibu: "Miko hapa." Na uso wake ulikuwa wazi namna ile, akitabasamu, mukono mumoja juu ya tumbo. Zakari akasema: "Sombe ni nzuri." Ijumaa alikwenda kusali, akabaki ameinama wakati wenzake wamesimama. Mutu anaweza kumuomba Mungu musamaha kwa jambo alilomufanyia mwanadamu, lakini Mungu anamuambia aende kwanza kwa yule mwanadamu. Zakari alilijua hilo. Watu wa musikiti wanalijua na watu wa misa wanalijua.

Aliwaza pia: kama nikinyamaza, tutamupata mutoto huyu, tutamulea, na Victorine atacheka. Nani atajua? Mama Katongo ni muzee, atakufa na neno lake. Na alipowaza hivyo, alimuona tena amesimama mu mvua.

Siku ya posho ya ine, Bénie alisema hakuna masomo ya mudomo, leo ni mazoezi. Kila bibi, kwa zamu yake, atalala ku mukeka, mutoto wa kitambaa juu ya magoti, kamba mu shingo. Kila bwana atasimama karibu na mulango. Bénie ataita, na bwana atachukua vyombo ku meza na kuvileta.

"Kuuliza maswali, hapana. Kukasirika, hapana. Munasikia? Mwenye kuzalisha akilalamika, akitoa sauti kubwa, si kwamba anakuzarau. Muda ndio anapigana nao. Na leo nitawaita kama bamama ba zamani, sababu siku moja unaweza kujikuta mu nyumba, barabara imefungwa, na mwenye atakuokoa ni mama muzee wa kwenu."

Guelord alifanya wa kwanza. Alikimbia namna ile mpaka akapiga meza teke, wembe ukaanguka, na wote wakacheka. "Mutoto amezaliwa," akasema, "lakini baba ndiye anakwenda hospitali!" Hata Bénie alicheka.

Kisha ikawa zamu ya Zakari. Victorine alilala, akaweka mto wake chini ya kichwa, akamushika mutoto wa kitambaa. Bénie akapiga magoti karibu naye, akaita:

"Baba, mujinga! Leta wembe na uzi!"

Zakari alikwenda ku meza. Alichukua uzi. Ulikuwa uzi mweupe, ule ule wa kila siku. Akageuka, akasimama pale pale.

"Baba fundi," Guelord akasema, "uzi unaujua kuliko shiye wote, na wembe unausahau?"

"Hivi ndivyo alisema," Zakari akasema.

"Nani?" Bénie akauliza.

Zakari hakumuangalia Bénie. Alimuangalia muke wake. "Mama Katongo. Hivi ndivyo alisema siku ile. Neno kwa neno. Miye nilisikia baba mujinga. Nilisikia ananitukana miye. Akasema tena, mujinga, mara mbili, nikasikia ananitukana mara mbili."

Guelord alivua kofia yake.

"Hakwenda, Victorine. Nilikuambia alikwenda. Miye nilimuvuta mukono, nikamutosha inje, nikafunga mulango. Alikuwa anapiga mulango. Wembe na uzi vilikuwa hapa," na akaonyesha mukono wake, "karibu hivi."

Victorine alikuwa amekaa. Hakulia. Alikaa wima, kama mutu anayesikiliza mutu mwingine anayeongea mbali.

"Ulisema alitukana," akasema.

"Niliamini alitukana."

"Nilikuuliza alitukana nini. Nilikuuliza kwa kilio, nilikuuliza kisha kilio. Mara ngapi nilikuuliza?"

"Mara nyingi."

"Neno moja, Zakari. Kama ungelisema mara moja tu. Miye bibi yangu ni Muluba, mama mudogo yangu ni Mujinga. Siku ile ile ningelijua. Ulinificha tusi ili nisiumie."

"Ndiyo. Na lile la kwenda, nilikudanganya. Hilo sikulificha kwa ajili yako. Nililificha kwa ajili yangu."

Bénie alinyoosha mukono ili amushike Victorine bega, kisha akaurudisha. Muke wa Guelord alianza kulia polepole, amefunika uso.

"Nilimutemea mate," Victorine akasema. "Alikuja na unga wake. Miye, mwenye kukomunika ku misa kila siku ya yenga, nilimutemea mate mama muzee ku uso, mbele ya watu, na nikarudi kukaa, na nikasikia muzuri mu moyo."

"Zambi hiyo ni yangu," Zakari akasema.

"Hapana. Ile ni yangu. Yako uko nayo." Akamutazama kwa mara ya kwanza tangu aanze kusema. "Anakaa wapi sasa?"

"Kasungami. Kupita kisima, ku mashamba ya mahindi. Wanasema nyumba yake ni ya mwisho."

"Ulijua mahali anakaa."

Zakari akauangalia uzi.

Victorine alimuinua mutoto wa kitambaa, akamuweka juu ya magoti yake. Alishika kamba, akaizungusha kurudi nyuma, mara moja, mara ya pili, polepole, mpaka shingo ya mutoto ikabaki wazi. Akamupa Bénie mutoto. Halafu akaegemea ukuta kwa mukono mumoja, akasimama, tumbo lake mbele yake. Zakari alipiga hatua ili amusaidie. Akamuonyesha kiganja, hapana. Alifunga kikwembe chake vizuri, akachukua mufuko wake, akauacha mto pale ku mukeka, na Zakari akiwa angali na uzi mu mukono, Victorine akapita mbele yake, akavuka kiwanja cha kanisa, akaipita barabara ya kurudi nyumbani bila kuiangalia, akaenda upande wa Kasungami, kumutafuta Mama Katongo.